Mkono Pembeni mwa Picha

Kwa miaka mitatu niliamini kwamba mama yangu aliwahi kuzika mtoto ambaye hakumtaja kwa mtu yeyote. Niliwaambia ndugu zangu. Nikamwambia na senje, dada yake baba, alipokuja kutoka Butere kwa ukumbusho wa mwaka mmoja wa Mama. Alinitazama, akasukuma kikombe cha chai, akatoka nje. Ushahidi wangu ulikuwa picha moja nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja, niliyoikuta katika kopo la biskuti chini ya kitanda cha Mama.

Leo namjua mtoto wa picha ile. Ni mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, na haishi mbali na pale alipopigwa picha. Naeleza jinsi nilivyomkosea yeye, mama yangu na senje, kwa sababu makopo kama lile yako katika nyumba nyingi, na wengi wanaoyafungua huanzia pale pale nilipoanzia mimi.

Tulikuwa wapangaji Laini Saba, Kibera, hapa Nairobi, chumba kimoja cha udongo na paa la mabati, karibu na reli kiasi kwamba vikombe vililia kabatini treni ilipopita. Wazee husema jina la mtaa lilitokana na uwanja wa shabaha wa askari wa King's African Rifles (KAR): mstari wa saba wa kulengea ulikuwa hapo. Ardhi yote ile ilitangazwa kuwa hifadhi ya jeshi mwaka 1918. Wanubi, uzao wa askari waliotoka Sudan, ndio waliojenga na kulima humo, na pori hilo wakaliita Kibra. Mwenye ploti yetu alikuwa bibi wa Kinubi. Baba alikuwa mtu wa reli, Mluhya. Jirani wa kulia alikuwa Mkamba, wa kushoto Mkikuyu. Milango kumi, choo kimoja, kamba moja ya kuanikia nguo.

Katika picha ile Mama ameketi kwenye stuli uani, amempakata mtoto anayekaa wima bila kuegemezwa, kinywa wazi, meno mawili ya chini yanaonekana. Nyuma yao kumetandazwa leso kuficha ukuta. Dada yangu ndiye kifungua mimba, alizaliwa 1967. Mama anaonekana kijana. Nilijumlisha nikapata jibu, nikachukua biro, nikaandika mgongoni: Mama na dada, 1967.

Biro ile iliacha alama. Nilikandamiza, na ukiinamisha picha kwenye mwanga wa mlangoni unaona mfereji mwembamba umepita kifuani mwa Mama, herufi zangu zikiwa kinyumenyume. Hautoki. Tangu siku hiyo naandika kwa penseli laini, picha ikiwa imelala kifudifudi juu ya kioo, tena ukingoni tu mahali pasipo na sura ya mtu.

Aliyenionyesha kwamba 1967 haiwezekani ni mzee mmoja wa Kawangware aliyeosha picha kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilimpelekea kopo zima. Hakutazama sura ya mtu hata mmoja. Alizigeuza zote kifudifudi mezani kama karata, akaanza kuzipapasa.

"Picha husomwa mgongoni kwanza," aliniambia. "Uso utakudanganya, kwa sababu unautaka uwe wa mtu fulani."

Akaikunja kidogo ile ya Mama na mtoto, ikarudi ilivyokuwa. "Hii ina plastiki. Mwaka 67 tulikuwa na karatasi tupu. Ukiiacha juani inajikunja kama jani la mgomba." Karatasi ya picha iliyopakwa plastiki pande zote mbili ilianza kushika soko mwanzoni mwa miaka ya 1970. Dada yangu wakati huo alikuwa akikimbia na kuimba. Mtoto wa miezi minane asingeweza kuwa yeye.

Nilikaa naye mchana mzima, na mengi aliyonifundisha nimeyatumia tangu hapo. Picha zenye kingo za meno, kama zilizokatwa kwa mkasi wa fundi cherehani, kwa kawaida ni za kati ya miaka ya 1930 na 1960. Picha za rangi zilizogeuka nyekundu, hata majani yakawa kama matofali, nyingi ni za miaka ya 1960 na 1970, kwa kuwa rangi nyingine zilififia mapema na nyekundu ikabaki. Mhuri wa studio unasema mengi kwa anwani yake: ukikuta Government Road, mhuri huo ulichongwa kabla barabara haijaitwa Moi Avenue, na Moi alishika urais mwaka 1978. Ukikuta Delamere Avenue, uko katika ukoloni, maana baada ya uhuru ikawa Kenyatta Avenue. Picha iliyopigwa mjini ikionyesha jumba la mikutano la KICC hadi juu haiwezi kuwa ya kabla ya 1973. Tarehe ya rangi ya chungwa pembeni, iliyochapwa na kamera yenyewe, usiiamini mpaka umeuliza: watu walibadilisha betri na kuacha kurekebisha saa.

Ila mengi ya hayo hukupa mlango wa nyuma tu: picha haikupigwa kabla ya wakati fulani. Ya baba yangu ndiyo iliyonifanya nielewe vizuri. Amesimama kando ya behewa lenye herufi K.U.R., yaani Reli ya Kenya na Uganda. Shirika hilo lilimezwa na Reli ya Afrika Mashariki mwaka 1948, na mwaka huo baba alikuwa mvulana anayechunga mbuzi. Nilidhani ni baba yake. Lakini upande wa kulia, ukitumia kioo cha kukuzia, panaonekana pua ya injini ya Garratt ya aina ya 59, zile za tani mia mbili na hamsini hivi zilizopewa majina ya milima. Nilikwenda Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, mahali palipofunguliwa mwaka 1971, nikasimama mbele ya injini ya aina ile ile nikiwa na picha mkononi mpaka nikaridhika. Injini hizo zililetwa 1955 na 1956. Kwa hiyo behewa lilikuwa kuukuu tu, halijapakwa rangi upya, na mtu yule ni baba kweli, mara baada ya kuajiriwa. Kitu kipya kuliko vyote vilivyomo pichani ndicho kinachotoa tarehe. Vikuukuu hukaa.

Na nguo je? Hapo ndipo watu wengi hupotea. Vitabu vya kutambua picha vilivyoandikwa Uingereza na Marekani hufundisha kupima upana wa kola na urefu wa sketi. Kwetu koti la mwaka 1955 lilivaliwa na kaka watatu kwa zamu mpaka 1975, na nguo za mitumba zilileta mitindo ikiwa imekwisha kuchoka huko ilikotoka. Zaidi ya hayo, studio zilikuwa na koti lao, tai yao, redio yao, hata saa ya mkononi ya kuazima. Nina picha tatu za wanaume watatu wa ploti yetu wamevaa koti lile lile lenye kifungo kimoja kilichopasuka. Nilipomweleza mzee wa Kawangware hayo, alikubali, akasema jambo nililolishika kama amri: koti huazimwa, mtoto haazimwi. Tafuta mtoto pichani, pima umri wake, umepata mwaka.

Nilirudi nyumbani na amri hiyo. Karatasi ni ya miaka ya 1970. Mtoto ni wa miezi minane. Mimi nilizaliwa 1970, na mdogo wangu 1976, naye alizaliwa na alama nyeusi shavuni ambayo mtoto huyu hana. Mimi nina picha yangu ya kliniki, masikio yangu yamechomoza, ya huyu yamelala. Basi alikuwa nani? Kati yangu na mdogo wangu kuna pengo la miaka sita, na watu wa nyumbani hawakuwahi kulieleza pengo hilo. Nililijaza mwenyewe. Nikawaita ndugu zangu nikawaambia tulikuwa na mwenzetu, akafa, na Mama akaubeba ukimya huo peke yake.

Dada alilia. Kaka alitaka tupeleke jina la mtoto huyo kwenye ibada. Senje, nilivyosema, alitoka nje. Baadaye nilijua sababu. Mama alipoteza mimba mbili katika miaka ile sita, na senje ndiye aliyemuuguza. Nilikuwa nimetonesha kidonda cha kweli kwa kutumia mtoto wa uongo.

Dada ndiye aliyeniuliza, baada ya miaka miwili ya kutembea na hadithi hiyo: "Umewauliza majirani?"

Sikuwa nimewauliza. Nilikuwa nimeuliza jamaa wote, wa Nairobi na wa Butere, hata binamu aliyezaliwa baada ya 1980. Nilikuwa nimefuata desturi ya utafiti wa ukoo kama inavyofundishwa: chora mti, anza na wewe, panda kwa wazazi, panda kwa mababu. Desturi hiyo inadhani kila kopo la picha ni la damu moja. Laini Saba haikuwa hivyo. Mpigapicha aliingia uani na kamera shingoni labda mara nne kwa mwaka, na aliyekuwepo alipigwa. Mwenye shilingi alilipa, wengine wakasimama pembeni. Nakala ziligawanywa kwa milango. Kopo letu halikuwa kopo la ukoo wetu, lilikuwa kopo la ploti, na mimi nilikuwa nikiwauliza watu wa ukoo kuhusu watu wa ploti.

Bibi mwenye ploti alikuwa amekwisha kufa. Binti yake yupo, tunamwita Anti, ana zaidi ya miaka themanini, anakaa Kibera hiyo hiyo, upande wa Makina. Nilimkuta uani anasuka tabaga, kile kifuniko cha chakula cha Kinubi chenye rangi kali. Ukutani kwake kuna fremu moja tu. Januari 2008, mtaa ulipowaka katika ghasia za baada ya uchaguzi, alitoka ndani na vitu viwili, msahafu na fremu hiyo. Picha nyingine zote za familia yao, sanduku zima, ziliteketea.

Kwa kuwa alijua nimekuja na mambo ya picha, alitaka kwanza niisome ya kwake. Ni mwanamume katika sare ya KAR, medali kifuani. Jamaa wote husema ni babu mkubwa aliyepigana na Wajerumani Tanganyika katika vita vya kwanza. Nilisogeza kioo. Medali mbili za mwanzo ni nyota za pembe sita, na nyota za umbo hilo zilitolewa kwa vita vya pili, vile ambavyo askari wa Afrika Mashariki walipelekwa Habeshi, Madagaska na hadi Burma. Nilimwambia polepole, nikiogopa kumvunja moyo. Alicheka.

"Basi huyo ni baba yangu. Jina lake na la babu yake ni moja."

Watu wawili walikuwa wameshonwa wakawa mmoja, kwa sababu ya jina. Hilo hutokea mno katika koo zinazorithisha majina, za Kinubi na za Kiluhya vilevile, na ni picha iliyowatenganisha. Kwa familia kama yao jambo hili si la kujifurahisha. Wanubi wameishi vizazi vingi wakiulizwa wametoka wapi, vijana wao wakihojiwa kwa kina kabla ya kupewa kitambulisho ambacho jirani alipewa bila maneno. Mpigapicha Mmarekani, Greg Constantine, alipotoa kitabu chake kuhusu Wanubi wa Kenya mwaka 2011, aliweka picha za kale za familia za Kibera kando ya zake mwenyewe. Mwaka 2017 serikali iliwapa hati ya pamoja ya ekari 288. Hati imekuja baada ya karne. Muda wote huo, kilichoonyesha kwamba walikuwa hapa ni kumbukumbu za wazee na fremu ukutani.

Kisha nikampa Anti picha yangu. Nilitarajia atazame uso wa mtoto. Hakuutazama. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja ukingoni, kushoto, mahali ambapo kwa miaka mitatu sikuwa nimeona kitu cha maana.

Kuna mkono pale. Umekatwa na ukingo wa picha juu kidogo ya kifundo. Umeshika mguu wa mtoto ili asiteleze. Ncha za vidole ni nyeusi, ndiyo hina inavyoonekana katika picha isiyo na rangi, na kwenye kifundo kuna bangili yenye mafundo matatu.

Anti aliweka tabaga chini, akavuta mkono wa gauni lake. Bangili ilikuwa mkononi mwake. Mafundo matatu, la katikati limebonyea, na kwenye picha pia la katikati limebonyea.

"Huyu ni dada yangu," alisema. "Na huyu ni mwanawe. Mama yako alimpenda mno. Alikuwa hana mtoto mikononi wakati huo."

Ndipo niliiona hirizi, kijimfuko cha ngozi shingoni mwa mtoto, kitu ambacho nyumba yetu ya Kianglikana isingemvalisha mtoto wake. Ilikuwepo siku zote. Nilikuwa nimeidhani kifungo.

Kumtaka Anti ataje mwaka ni kumwonea bure. Hakuhesabu maisha yake kwa miaka ya ofisini. Lakini nilikuwa nimejifunza kuuliza kwa vitu vinavyokumbukwa. Mzee Kenyatta alikuwa hai? Alikuwa hai. Kwa hiyo kabla ya Agosti 1978. Maziwa ya Nyayo yalikuwa yameanza shuleni, yale ya pakiti za pembe tatu? Bado. Wanawake walikuwa wamechukua kitambulisho? "Kitambulisho gani? Sisi tuliandikwa na nani?" Ni kweli, hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 wanawake hawakuwa wakiandikishwa. Dada yako alifariki lini? Mwanawe alikuwa ameanza kusema, hajafika shule. Na siku ya picha kulikuwa na nini? Hapo hakufikiri hata kidogo: ilikuwa Idi, baada ya mfungo, gauni la mtoto jipya, mama yake alitia hina usiku wa kuamkia, na sahani ya pilau ilipelekwa mlango kwa mlango, kwetu ikiwa ya kwanza.

Mwanawe ana cheti, alizaliwa Februari 1973. Idi ya baada ya mfungo mwaka huo iliangukia mwisho wa Oktoba. Miezi minane. Meno mawili.

Amri ya mzee wa Kawangware ilikuwa nzuri, lakini katika ploti yenye milango kumi mtoto naye huazimwa.

Nilimpelekea mwana huyo wa dada yake Anti picha hiyo Jumamosi iliyofuata. Mama yake alifariki mwaka 1975, na picha zake zote zilikuwa ndani ya lile sanduku lililoungua. Hakuwa amepata kuona sehemu yoyote ya mwili wa mama yake tangu akili yake ishike kumbukumbu. Alikaa na ile picha mlangoni, kwenye mwanga, na kidole gumba chake kilikuwa juu ya mkono ule, hakiugusi, kimeuzunguka tu. Sikusema kitu. Baadaye aliniuliza kama mama yangu aliwahi kumtaja. Nilimwambia ukweli, kwamba sikumbuki, lakini kwamba picha aliihifadhi miaka arobaini na sita pamoja na za watoto wake.

Senje nilimpigia simu jioni ile ile nikamwomba radhi. Alinijibu kwa Kiluhya, maneno machache, na yametosha.

Mambo ya kuhifadhi picha nitayataja kwa haraka, maana yanajulikana. Piga picha ya picha kwa simu, mbele na nyuma, karibu na mlango, bila taa ya kamera. Iliyogandamana na kioo cha fremu usiibandue, ipige hapo hapo ilipo. Iliyonaswa katika albamu ya gundi iache. Usifute masizi kwa kitambaa chenye maji. Nakala moja mpe jirani wa zamani aliyehamia mbali, maana moto wa kwetu na moto wa kwake haiwaki siku moja.

Mgongoni mwa ile ya Mama nimeacha biro yangu kama ilivyo, ili atakayekuja aone kosa lilivyokuwa. Chini yake nimeandika kwa penseli jina la Mama, jina la mtoto, jina la mwenye mkono, Laini Saba, Idi, Oktoba 1973, na jina la Anti aliyewatambua. Picha yenyewe iko kwa mwana wa mwenye mkono ule. Mimi nina nakala.

Katika kopo zimebaki picha kumi na moja ambazo mimi na Anti tumeshindwa. Moja ni ya kijana mwenye baiskeli, amesimama kwenye reli, kofia mkononi, na nyuma yake wasichana wawili wamevaa sare za shule za kola pana. Karatasi yake ni ile ya zamani inayojikunja. Aliyekaa ploti za karibu na reli Laini Saba kabla ya 1970, au aliye na mzazi aliyekaa huko na bado anakumbuka, nauliza anitafute kwa Anti, Makina, Jumamosi yoyote mchana. Hatudai awe na uhakika. Aje tu amtazame.